Ufa Juu ya Nyumba ya Nanjala

Kakamega,
Novemba 1997

Mwanangu Osundwa,

Nakusalimu wewe na hicho kifua chako kinachokusumbuanga wakati wa baridi. Unakula? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamekuwa ya mtu mwingine. Watoto wako wazima. Mimi nasema, na Ayuma, yule mjane mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, anaandika. Nimemkataza kulainisha maneno yangu.

Mvua hii wanayoiita Elinino imekataa kutuacha. Unajua kilima cha nyuma ya nyumba yako kilivyomalizwa miti kwa kuchoma matofali. Mwaka jana Ayuma alituongoza tukaotesha miche, tuipande pale ishike udongo. Wanaume walikuja mbio kama tumeiba ng'ombe. Walisema mwanamke akipanda mti anamchimbia mumewe kaburi. Ayuma akawajibu kwamba mume wake alikufa bila mti wowote, sasa wanamwogopea nani? Wengine walicheka, lakini miche ilikaukia kwenye makopo.

Sasa kilima kimepasuka. Ufa uko juu kabisa ya nyumba yako, mguu wangu unaingia. Ayuma alichomeka vijiti huku na huku, akafunga kamba ya katani katikati. Asubuhi tuliikuta imekatika, ufa umepanuka. Tukaenda kwa Osiako, liguru wetu, mkuu wa kijiji, tukamwomba awahamishe watu wa chini. Aliuliza tangu lini jikoni kukaitisha baraza. Kisha akasema nyumba ya Osundwa ina mwenyewe, na mke akihama bila ruhusa ya mume, huyo amemwacha. Mkeo Nanjala alisikia hayo kwa masikio yake. Nilipomwita aje kwangu aliinamisha kichwa, akasema mama, Osundwa akiambiwa nimetoka kwake, nitasimama wapi?

Sasa nikuambie, na usikasirike kabla ya kumaliza. Nilimdanganya mke wako. Nilimwambia umetuma neno kwa Chrispinus wa lori, kwamba ahame upesi. Alifurahi hata akabeba magodoro akiimba. Walilala kwangu, watoto wamejaa miguuni pangu, nikasahau magoti. Jana Chrispinus alipita kuniaga, Nanjala akamuuliza habari zako, naye mjinga yule akasema hajakuona tangu Pasaka.

Nanjala hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikunja magodoro, akashika watoto. Mimi nilimvuta nguo, Ayuma akaziba mlango. Alisema atatoka kwa neno la mumewe, maneno ya wanawake yamemchosha. Akapita, akarudi kwake.

Simu ya sokoni iliuawa na radi, ndiyo maana Chrispinus anakuletea hii. Nimemwambia asirudi bila mstari wako mmoja. Huko na kurudi ni mbali, najua. Wewe andika tu kwamba aende kwa mama. Kama unataka kunigombeza, nigombeze baadaye, nitakaa kitako nisikilize.

Wasalimie wenzako wa bandarini. Ayuma anakusalimu, ingawa ana hasira. Mvua imeanza tena. Kutoka mlangoni kwangu naona moshi wa jiko la Nanjala, anawasongea watoto obusuma. Moshi huo ukipungua kidogo, nasimama niangalie kama nyumba ingali ipo.

Ni mimi mama yako, kukhu wa watoto wako. Kidole changu gumba hiki hapa.