Mume wa Nano Tormey

Salto, Argentina
12 Machi 1930

Kwa jamaa yeyote wa Malachy Tormey, Ballymore,

Pokea salamu za mtu usiyemjua. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi huku tuna msiba. Baba yangu, Malachy Tormey, alizaliwa huko kwenu Westmeath, ng'ambo ya bahari, akaja huku kijana kuchunga kondoo, na mwezi uliopita tumemzika. Kila nilipomuuliza habari za kwao alinijibu, "Kule hakuna mtu, Rosario. Wameisha." Nikaamini. Lakini siku zake za mwisho Kihispania chote kilimtoka, hata mama yangu akawa haelewi anachosema. Alikuwa akimwita mtu aitwaye Nano. "Nano, fungua mlango, nanyeshewa." Na nje jua kali.

Nimemwomba padri wenu ampe barua hii yeyote mwenye jina letu. Kama Nano ni dada yake na yu hai, pengine angependa kujua kaburi liko wapi. Nami ningependa kujua sisi ni watu gani.

Binti yake,
Rosario


Ballymore
4 Mei 1930

Bi Rosario,

Salamu zako nimezipata. Hatujambo. Padri alileta barua yako mwenyewe, akakataa chai, nikajua kuna jambo.

Nano si dada yake. Nano ni mama yangu, na Malachy Tormey ni mume wake wa ndoa. Mimi ndiye mtoto wao. Aliondoka nikiwa tumboni, akaahidi kutuita kabla sijaanza kutembea. Ilikuja barua moja kutoka Buenos Aires, basi. Baadaye mtu mmoja akarudi kutoka huko akasema amesikia Malachy kafa kwa homa. Wapi, lini, hajui. Mama akavaa nguo nyeusi na hajazivua mpaka leo. Kila Novemba tunamwombea misa ya marehemu. Kumbe tulikuwa tukimwombea mtu anayekula nyama na kulea watoto.

Unauliza nyinyi ni watu gani. Hilo angewajibu aliyewazaa. Mama sijamwambia, wala sitamwambia. Tafadhali usiandike tena.

Binti wa Nano,
Delia


Salto
20 Julai 1930

Dada Delia (kama neno hilo linakuudhi, lifute),

U hali gani? Mama Nano naye hajambo? Umenikataza kuandika, nivumilie mara hii tu.

Nilimpenda baba yangu. Alikuwa akinipakia mbele yake juu ya farasi na kunifunika na koti lake. Sasa kila nikikumbuka koti lile nakukumbuka wewe, ambaye hukufunikwa.

Mama yangu, Eulalia, hajui kitu. Aliolewa kanisani kwa moyo safi. Jumamosi alinichukua twende kwa fundi wa mawe ya makaburi. Fundi akauliza aandike nini. Mama akasema, "Mume mwaminifu." Kwa kuwa hajui kusoma, fundi akanigeukia mimi nimtajie herufi. Nikamtajia, moja moja. Sikujua nifanye nini kingine. Nisamehe.

Mdogo wako, ukikubali,
Rosario


Ballymore
9 Desemba 1930

Rosario,

Salamu. Mimi mzima. Mama kifua kinambana tangu baridi ianze.

Amejua. Si mimi niliyemwambia. Ni mpeleka barua, yule mropokaji Packy Scally. Alimkuta getini akamtania, "Ala, Bi Nano! Barua za Argentina siku hizi? Marehemu kafufuka, nini?"

Mama akaingia, akasimama mbele yangu hata koti hajavua. "Delia, soma."

Nikasoma zote mbili. Nilidhani atamlilia Malachy. Alisema tu, "Kumbe alikuwa hai." Akakaa. Halafu akalia, "Maskini Christy wangu," na hapo hakunyamaza tena.

Christy Fagan alikuwa jirani yetu, shamba la pili. Nilipokuwa msichana alimwomba mama waende Boston wakaanze maisha, kusikojulikana mjane ni nani na mke ni nani. Mama alikataa. "Sijaona kaburi, Christy. Itakuwaje akirudi akute mlango umefungwa?" Mchana alikuwa mjane, usiku mke. Christy hakwenda Boston, wala hakuoa. Alikuwa akituletea viazi na kuketi karibu na moto bila neno, mpaka alipokufa mwaka juzi.

Mama ana swali moja. Kasema: "Muulize huyo msichana, huko alikuwa akicheka?" Usimpambie maneno. Atajua.

Delia


Salto
15 Januari 1931

Dada Delia,

Mpe pole mama Nano. Nimeandika majibu matatu nikayachana, maana mmeshadanganywa vya kutosha.

Ndiyo. Alikuwa akicheka. Alicheza dansi kwenye harusi yangu mpaka kiatu kikapasuka, akacheka hadi machozi. Zilikuwepo siku za kukaa peke yake zizini asitake kusemeshwa, lakini hazikuwa nyingi. Natamani ningeweza kuandika kwamba zilikuwa nyingi.

Mdogo wako,
Rosario


Ballymore
3 Machi 1931

Mdogo wangu Rosario,

Natumaini wewe na mama Eulalia hamjambo. Barua yako ilimkuta mama hawezi kuinuka. Nilitaka kuigeuza maneno nikiisoma, nikamwona ananitazama mdomoni, nikasoma kama ulivyoandika.

Kisha akasema, "Afadhali mmoja wetu."

Nikamwambia, "Mama, huna hasira?"

"Ninayo. Lakini nimechoka nayo. Niwekee mto vizuri."

Alifariki Alhamisi. Aliomba alazwe karibu na Christy. Padri akasema mke hulazwa kwa akina mume, kwa hiyo yuko miongoni mwa akina Tormey, na Christy yuko ng'ambo ya ukuta.

Usiniombe nimsamehe baba. Siwezi, na pengine sitaweza. Lakini nyumba hii sasa ni kimya, na sina tena duniani mtu wa damu yangu ila wewe. Mwache mama yako na mume wake; usimwambie. Niandikie, hata kama ni habari za kondoo tu.

Dada yako,
Delia