Nimemwambia Afisa wa Mahakama Kwamba Mama Yuko Hai

Mshauri, shikamoo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kwenye kitanda cha marehemu mama, maana hapo ndipo nilipoharibu kila kitu.

Mimi ni mpishi wa shule, na mdogo wangu wa kiume, ambaye mtaani wanamwita Cheche kwa kuwa anachomelea mageti, alimpiga kinyozi jirani yake kwa kipande cha nondo wakigombania kivuli, kivuli tu mshauri, cha ukuta mmoja, karakana yake huku na kibanda cha kinyozi kule, na mkono wa kulia wa yule kinyozi ukavunjika mahali pawili na mpaka leo vidole havikunjiki. Mdogo wangu hakukana, siku ya kwanza tu mahakamani alikiri kosa, hata wakili wake akafurahi akasema kukiri mapema kutamsaidia, na hakimu akaagiza afisa wa ustawi wa jamii aje nyumbani atuone, aandike ripoti, ndipo atoe adhabu.

Basi afisa alikuja nikiwa na aproni bado, ndiyo kwanza nimetoka kazini, akaniuliza kwa upole tu, "Dada, ndugu yako akifungwa, nani ataumia hapa nyumbani?" Nikatazama nyumba, nikaona tumo wawili tu, yeye hana mke wala mtoto, nikaona nikisema "mimi" litakuwa jibu jepesi mno, mdomo ukanitangulia nikasema, "Mama. Ni mgonjwa, hainuki, na huyu ndiye anayemgeuza na kumwogesha." Mshauri, mama tulimzika mwaka juzi. Na Cheche kweli alimgeuza na kumwogesha miezi kumi na minne, mimi nikiwa kazini, kwa hiyo maneno yalitoka bila kukwama hata kidogo, nikaongeza kwamba leo amepelekwa kliniki, afisa akaandika, akasema atarudi Alhamisi amwone.

Tangu hapo ni kama nimeingiwa na wazimu. Nimeandika mwenyewe barua kumi na moja za majirani ili wao watie sahihi tu, zote zinasema hajawahi kumkunjia mtu ngumi, nimemfundisha Cheche aseme shetani alimpitia, na Jumapili nilikwenda kumpigia magoti mke wa kinyozi atamke kwamba wametusamehe, ingawa hakimu alishamwambia Cheche asiwasogelee wale watu, yeye wala ndugu zake, na yule mama akanifungia mlango usoni. Shangazi yetu amekubali kulala pale kitandani Alhamisi, ajifunike shuka mpaka kidevuni, akohoe. Cheche hajui. Wakili hajui. Wiki hii nimeunguza maharage ya shule mara mbili, na kila nikipita pale kitandani naona kama nimemfukua mama. Niambie ukweli, Shangazi alale au asilale?

Dada wa Cheche

*

Dada wa Cheche, marahaba. Shangazi asilale. Mwambie abaki kwake na kikohozi chake.

Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa karani wa mahakama miaka kumi na tisa, na nimeona watu wakiwaongezea ndugu zao adhabu kwa mapenzi matupu. Nakuhurumia, tena sana. Swali lile lingemchanganya yeyote. Lakini hebu tulia unisikilize. Ndugu yako alikuwa na kitu kimoja cha maana, kwamba alikiri siku ya kwanza, na wewe umekikalia. Hakimu akigundua familia inaigiza, atajiuliza kama hata kule kukiri kulikuwa maigizo. Na atagundua, dada. Afisa ataomba kadi ya kliniki, au atamuuliza jirani aliyekuja kuzika.

Leo hii mpigie wakili, umwambie yote, na la mke wa kinyozi usilifiche. Yeye ndiye atakayekuonyesha namna ya kulifikisha kwa afisa, lakini lifike kabla ya Alhamisi na litoke kinywani mwako: nilidanganya, na ndugu yangu hakujua. Huenda na wewe ukachukuliwa hatua. Sikufichi.

Halafu kaa na Cheche umwambie. Atawaka, mwache awake. Zile barua kumi na moja zichane. Karani yeyote anajua mwandiko mmoja akiuona. Tafuta watu wawili au watatu wanaojua alichofanya na walio tayari kuandika hivyo hivyo, kwamba amemvunja mtu mkono na bado wana la kusema juu yake. Shetani naye mwondoeni humo. Nimemsikia akisingiziwa mahakamani mpaka nimemwonea huruma, na sijawahi kuona hata mmoja aliyepunguziwa siku kwa ajili yake. Cheche aseme nilichukua nondo, nikampiga, na yule mtu hawezi tena kushika mashine ya kunyolea. Kivuli asikitaje kabisa. Akitaka kuomba radhi, wakili aulize kwanza kama inaruhusiwa, na wewe usikanyage tena mlangoni kwa watu.

Na ile miezi kumi na minne, dada, kwa nini hukuisema ilivyo? Kijana aliyemwogesha mama yake mpaka akafa ni neno zito mbele ya hakimu yeyote, na lilikuwa kweli. Sasa umelichanganya na uongo, na sijui kama kuna atakayeliamini. Lisemeni hata hivyo.

Unataka nikuambie Cheche atanusurika kifungo. Siwezi. Mkono wa kinyozi ndiyo kazi yake, na nadhani ndugu yako atakwenda ndani. Siku ya hukumu vaa nguo safi, kaa nyuma, usipige mayowe, na ukikutana na mke wa kinyozi kwenye korido mpishe apite. Hakimu atasoma idadi ya miezi. Fanya nililokuambia, leo, ili katika miezi hiyo usiwemo hata mwezi mmoja uliomwongezea wewe.