Paa la Baba Ngoi Lililofifia

Kamina, Jumapili baada ya misa

Yaya wangu mpendwa,

Habari za huko Malemba, na mguu wa Mama, umeacha kuvimba? Nawe kifua kimetulia? Mimi mwili ni mzima, ila roho imejaa kinyaa, na wewe kaka yangu mkubwa sitakuficha.

Unajua Mzungu wangu wa reli alinitoa kwenye kupaka rangi mabehewa, akataka nimchoree mji mzima kwa ajili ya ukuta wa sebule yake. Wiki tatu nilichora nikiwa kwenye baraza lake la ghorofani. Mapaa ya vigae ya karibu niliyapaka makubwa, mekundu, na vivuli vikali. Ya nyuma yake yakapungua, rangi nikaififisha kwa buluu na nyeupe, mpaka kambi yetu ya wafanyakazi kule mwisho, vumbi tupu.

Siku ya kuitundika picha sebuleni chini, Mzungu alifurahi. "Muzuri sana! Kambi iko kule mbali, hata harufu yake haifiki."

Nami nikacheka naye.

Baba Ngoi, baba yake Veronika, alikuwa nje dirishani, anasikia yote. Mimi ndiye niliyemwalika aje aone kazi ya kijana anayemposa binti yake, na kuingia ndani hawakumruhusu. Akauliza nyumba yake ni ipi. Nikamwonyesha kidoa kama punje ya mchele, nikaanza kumweleza mambo ya umbali.

"Minyi najua, kintu ya mbali inakuwaka kidogo," akanikata. "Nakuuliza, nani alikutuma kusimama kwa Mzungu?"

Asubuhi yake alirudisha jembe tulilompelekea la kufungua mlango wa posa. Aliliegemeza ukutani kwangu, hakubisha hodi. Veronika sasa ananipita kisimani kama hanijui.

Yaya, panda treni uje useme na Baba Ngoi wewe mwenyewe, mimi hatanisikiliza. Nisalimie Mama, shangazi anayekausha samaki, na shemeji mshona nyavu. Waambie kazi ipo, haya mengine wasiyasikie.

Na ukifika kwa Baba Ngoi, usinitetee kwamba nilitumwa. Mzungu aliniuliza nataka kuchorea wapi, nami nikachagua baraza lake. Nilitaka watu wa kambi wapite chini wanione nimekaa kule juu.

Mdogo wako anayejichukia,
Kasongo