Muhtasari wa Barua Yako

S.L.P. 2207,
Ngoingwa, Thika.
14 Novemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Viola,

Habari za Doha? Mgongo wako je, umepoa, au bado unawainua wagonjwa peke yako? Sisi huku tu wazima. Mvua imekuwa nzuri na sukumawiki za nyuma ya nyumba zimetushinda kula. Tabby wako naye ni mzima, amenipita kimo. Nimemtaja mwishoni kwa sababu yeye ndiye habari yenyewe, nami nimeikwepa tangu Jumapili.

Viola, nimekukosea wewe na mtoto. Nisome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unakijua kibanda changu cha vitabu pale Ruiru. Kinachotoka sana si riwaya, ni miongozo. Wanafunzi huja wameshakata shauri kwamba kitabu teule, seti buku wanavyokiita, kinachosha, eti waliambiwa na waliowatangulia. Sikuwapinga hata siku moja. Nilikuwa na wimbo wangu: "Riwaya ni ya mwalimu, mwongozo ni wa mwanafunzi." Wanacheka, wananunua.

Tabby alikuwa akinisaidia Jumamosi. Nilidhani anapanga vitabu tu, kumbe anameza maneno yangu. Huyu ni mtoto aliyekuwa akisoma hata gazeti lililofungiwa maandazi, mafuta na yote. Alipoingia kidato cha tatu akaniomba mwongozo, nikampa, nikajiona mlezi mwema. Riwaya yenyewe ikabaki rafuni, kurasa zimegandana.

Muhula wa pili Mwalimu Githae aliniita shuleni. Katika mtihani, nusu ya darasa walikuwa wamemzika nyanya wa kwenye riwaya, ilhali nyanya yu hai hadi ukurasa wa mwisho. Kosa lilikuwa ndani ya mwongozo, na mwongozo ulitoka kwangu. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikamwambia hata wachapishaji ni binadamu.

Septemba, mwenzako Kalondu alipokuja likizo kutoka huko akatuletea barua yako, ile ya kurasa nane. Tabby aliitazama unene wake akanisukumia mimi mama yake mkubwa. "Tata, hii ni ndefu kama seti buku. Si unisomee, uniambie tu ya maana." Nilikuwa na haraka ya kwenda Ruiru. Nikaipitia juujuu nikamwambia, "Mama ni mzima, anakupenda, anataka utie bidii." Akaridhika, nami nikaifungia kabatini.

Jumapili nilimkuta anafua mapazia ya chumba chako. Nikamuuliza haraka ya nini. Akasema unakuja Desemba, mkataba wako ukiisha.

Nilienda kuitoa barua nihakikishe. Kumbe ni ukurasa wa sita ulioeleza kwamba wamekuongezea mwaka mwingine, na kwa nini ulikubali, ukamwomba mwanao msamaha. Uliandika kwamba ulianza ukurasa huo mara nne. Mimi sikuwa nimeufikia. Na kila ulipompigia simu ukamsikia mchangamfu, lazima ulidhani amekusamehe. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, dada.

Nikampa. Akaisoma amesimama kando ya kamba, mikono imejaa povu. Alipomaliza aliniuliza jambo moja tu.

"Tata, wewe uliisoma yote?"

Nikasema hapana. Akaanika mapazia yako yote, moja moja, akaingia ndani.

Tangu hapo ananijibu kwa "ndiyo" na "sawa". Jana alitoa ile riwaya rafuni akaketi nayo mlangoni. Sijui kama anaisoma au ananionyesha. Nami nimechukua nakala moja kibandani, kwa maana, nakiri, miaka yote hiyo nikiisema vibaya sikuwa nimeifungua. Niko ukurasa wa sitini na mbili. Nyanya yu hai, na mdomo wake ni kama wa mama yetu.

Wimbo wangu nimeuacha. Lakini kuuacha hakumrudishii Tabby miezi miwili ya kukungoja bure. Mpigie, tafadhali, mzungumze ninyi wawili bila mimi katikati.

Shemeji yako Simeon anakusalimu, na jirani yetu Mama Kulthum pia. Mungu akushike mkono kazini na akurudishe kwetu salama.

Barua hii sijaifunga. Nimempa Tabby aisome kwanza, na nimemwambia sina muhtasari.

Dada yako akupendaye, pamoja na makosa yake,
Magdalene

Mama, nimeisoma yote. Na yako pia. Ukurasa wa sita nimeusoma mara nne. Mapazia yamekauka, nimeyarudisha dirishani. — Tabby