Swichi ya Semisi

Jumatatu, 4 Machi

Semisi,

Swichi mpya za mtandao wa hospitali zimefika hapa kisiwani Vava'u kwa meli ya Ijumaa. Dokta Taufa anataka yako ing'olewe ifikapo Jumatatu ijayo. "Lupe, hicho kidude cha kaka yako kitatuzika wote!" Kisha akaona mkeka niliojifunga kiunoni kwa msiba wako, akashusha mkono.

Nimeunganisha njia kuu, ule waya mmoja wa kubeba makundi yote ya mtandao: wodi, maabara, simu. Swichi lazima zichague moja iwe mzizi, nyingine ziifuate, njia za ziada zifungwe. Zisipofanya hivyo ujumbe huzunguka bila kikomo. Niliipa mpya namba ndogo ili ichaguliwe.

Zikaichagua yako! Namba yako ni sifuri.

Miaka kumi na moja hospitali moja, na hatukuwahi kukaa pamoja katika kile chumba kidogo. Kaka na dada hawakai chumba kimoja, ndiyo heshima yetu. Ulipotoka, ndipo nilipoingia. Ujumbe wako uliniachia kwenye maelezo ya matundu ya swichi, yale maneno mafupi ya kueleza kila waya unakwenda wapi. "Lupe, waya wa bluu umechoka. Na wewe ule chakula."

Jumatano, 6 Machi

Nilibisha hodi kwenye kile chumba chetu. Nesi Mele'ana akacheka: "We dada, nani akufungulie humo?" Kisha akanishika bega.

Nimepandisha namba yako, nikafuta jina lako la kuingilia. Mzizi sasa ni mpya. Ilichukua dakika mbili tu — dakika mbili!

Jumapili, 10 Machi

Kanisani. Kisha nimekula majani ya magimbi kwa Mama. Nimelala mchana.

Jumatatu, 11 Machi

Saa moja asubuhi. Mzizi ni wako tena.

Kumbukumbu ya swichi inasema: imebadilishwa jana, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Aliyeingia — Semisi. Jina nililolifuta.

Saa nne jana nilikuwa kanisani, kwenye kwaya. Ufunguo wa chumba ulikuwa kwenye mkoba, mapajani.

Nikamuuliza mlinzi Fifita. "Jumapili? Nani afanye kazi Jumapili, dada? Hata shetani siku hiyo anakwenda kuimba." Kisha akaniangalia vizuri, akaacha mzaha.

Tundu la saba halikuwa na maelezo. Leo linayo: "Lupe, kengele za wazazi zinapita hapa tu. Usizime kwanza."

Nikakagua. Kweli. Kwenye njia kuu mpya niliruhusu makundi mengine yote, nikasahau la arobaini, la kengele hizo. Ningevuta plagi, kengele za wodi ya wazazi zingekuwa bubu, na hakuna ambaye angejua mpaka mama aite asisikike. Leo wako wanne, mmoja uchungu umeanza.

Nimeliongeza. Mele'ana akabonyeza kengele ya kitanda cha tatu. "Inalia! Inalia hadi inakera!"

Nimerudisha mzizi kwenye mpya. Nikabonyeza tena, vitanda vyote. Kengele zote zinalia.

Sasa saa tano. Hakuna kinachopita kwako. Nimechomoa nyaya zote mwenyewe, moja moja, umebaki wa umeme tu. Lakini taa ya tundu la saba inawaka na kuzima, polepole, na waya haupo.

Dokta yuko mlangoni. "Tayari, Lupe?" Nimesema dakika moja. Ameita mara ya pili.

Plagi iko mkononi. Ni ya moto kidogo.

Semisi, nikivuta, unikumbuke.