Swichi Niliyoificha Kwenye Gari la Baba

Nyumbani, chumba cha uani
14 Juni

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu. Natumaini kile kikohozi kimekuacha na kazi inakwenda. Sisi tupo, tunakula, tunalala. Ukiniuliza nina hali gani tangu tumzike baba, sijui nikujibu nini. Nimekufa ganzi, basi.

Paa la jikoni limezibwa, halivuji tena. Mama mdogo alirudi kwake juzi, shingo upande, baada ya kutupikia majuma matano.

Barua uliyomwandikia dada yetu nimeisoma. Ulimuuliza mtu mzima anashindwaje kuwasha gari huku baba yake anakata roho kiti cha nyuma. Hatakujibu. Tangu siku ile ufunguo wa gari haugusi, na akipita uani anageuza uso.

Kaka, kosa si lake. Ni langu.

Unakumbuka mwaka jana wezi walitaka kuondoka na gari. Nikajitapa kwamba fundi umeme wa magari hachezewi. Koili ndiyo inayozipa plagi moto, na yenyewe inapata umeme kutoka kwenye ufunguo kwa waya mmoja. Nikaukata huo waya, nikaupitisha kwenye swichi ndogo niliyoificha chini ya usukani. Swichi ikizimwa, stata itazunguka mpaka betri ichoke, gari haliwaki ng'o. Nilimwonyesha baba peke yake. Aliipenda, akawa anasema sasa gari lina adabu kuliko sisi wanawe. Dada nilikuwa nimwambie, nikawa nasema kesho, kesho kutwa.

Siku ile nilikuwa chini ya lori la mteja, simu iko kwenye koti ukutani. Dada alizungusha ufunguo mpaka betri ikaisha. Baba alikuwa hawezi tena kusema, ila alinyoosha mkono kuelekea usukani, akaurudisha, akaunyoosha tena. Dada akadhani anamhimiza. Alinisimulia hivyo mwenyewe.

Baada ya mazishi nilichaji betri, nikabonyeza swichi, gari likawaka mara moja. Kumbe dada yuko mlangoni. Akauliza lilikuwa na nini. Nikamwambia plagi zililowa mafuta, kwamba aliling'ang'aniza mno. Nilisema hivyo kama ninavyomwambia mteja yeyote, moyo hata haukushtuka.

Juzi nimeing'oa ile swichi, nikaunganisha waya moja kwa moja kutoka kwenye ufunguo hadi kwenye koili. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Kwenye simu ningekata kabla sijafika hapa, ndiyo maana nimeandika. Bahasha siifungi. Nampa dada aisome kwanza, kisha aipeleke posta akitaka.

Nisalimie shemeji na wanangu wote wawili. Mama mdogo anakutaja kila akiomba dua. Mungu akuhifadhi huko uliko, hata kama baada ya haya hutaki tena kuniita ndugu.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi

Kaka, ni mimi dada yako. Nimeisoma. Yeye bado sijamsemesha. Lakini usije ukamwandikia kama ulivyoniandikia mimi.