Pembe ya Ng'ombe wa Mzee Luhende

Jumatano, Nyabusozi

Na bado nasema ile picha ilikuwa kali. Mimi nimetembea mpaka Kigali, picha nzuri naijua.

Kazi tuliyopewa chuoni: chukua picha ya zamani ya jirani, itengeneze kwenye kompyuta, ichongee fremu, na mwenyewe aikubali. Akikataa, umefeli. Nikachukua ya Mzee Luhende, ya ng'ombe aliyemswaga toka Shinyanga, akamfia kiangazi kilichopita. Pembe yake moja ilipinda hadi karibu na jicho, nikainyoosha. Makovu nikayafuta. Akatoka kama bibi harusi.

Leo nikamfungulia kompyuta kando ya zizi lake. "Shikamoo mzee. Mrembo wako huyu."

"Marahaba. Ng'ombe wa nani?"

"Wako, mzee!"

"Wangu namjua. Huyu ni wa wizi, utanifungisha!"

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Nikacheka pia, ila kicheko cha woga. Kesho ndiyo kukusanya kazi, na mimi sekondari nilishaishia njiani. Nikikosa na hiki cheti...

Nikaketi palepale, nikairudisha pembe. Makovu alinielekeza mzee mwenyewe: hili la fisi, hili la mti wa zizi, hili la siku ya kuvuka mto. Sauti yake ikawa inapungua.

"Basi. Huyo ndiye," akasema, akaita wajukuu waje kumsalimia. Wakapanga mstari kweli, mmoja mmoja: "Shikamoo."

Amekubali, nimefaulu. Na yale machozi yangu yalikuwa vumbi la zizini. Yeyote atakayeuliza nitamwambia hivyo.